Shangazi, wikendi za Kigoma zinanishinda, nirudi Dar?

BARUA

Shangazi shikamoo. Mimi ni binti wa miaka 27, nimezaliwa na kukulia Sinza, Dar, na mwaka jana nilipata ajira nikapangiwa Kigoma. Kazi yenyewe naipenda, sina ugomvi nayo, mshahara unaingia kwa wakati, na nimepanga chumba na sebule hapa Mwanga kwa mama mmoja mtu wa Ujiji, mstaarabu kweli. Tatizo langu ukilisikia utaona dogo ila mimi linanimaliza, ni wikendi.

Yaani Jumatatu mpaka Ijumaa niko sawa kabisa, sasa ikifika ile Ijumaa jioni watu wanafunga ofisi wanaagana, moyo unaanza kushuka maana najua kinachofuata, ntarudi ndani, ntafua, ntalala, ntaamka nishike simu niangalie status za wenzangu wanavyokula bata, ntalala tena, Jumapili ntaenda kanisani, nikitoka nanunua chipsi naenda kuzilia kitandani, basi, wikendi imeisha. Kuna Jumapili jioni nyingine nakaa tu nalia na hakuna hata kilichotokea.

Dar nilikua na wikendi zangu Shangazi. Tuko watano, tumesoma wote, na siyo kwamba tulikua watu wa anasa, hela yenyewe tulikua tunachanga. Jumamosi asubuhi tunazama Karume kuchambua mitumba, mchana tunapika kwa mmoja wetu huku tunajaribishana nguo, jioni Coco Beach mihogo na mishikaki, na kukiwa na maonyesho pale kituo cha sanaa cha Nafasi kule Mikocheni tunaenda kuangalia picha na kusikiliza muziki. Mimi napenda kuchora, siuzi wala nini, ila daftari langu la kuchorea linatembea na mimi popote, na wale rafiki zangu ndo watu pekee walionionaga mimi kama mtu anayechora. Hapa hata sijalifungua tangu nije.

Sasa wenzangu nao wanapungua. Kwenye grupu letu wanapanga mambo yao ya wikendi mbele yangu kama sipo, nikichangia neno mmoja ananijibu "wewe si umejizika huko mwisho wa reli", wanacheka, nami naweka emoji ya kucheka ila inaniuma.

Siyo kwamba hapa hakuna anayenisemesha. Mama mwenye nyumba anaoza binti yake, ameniambia niingie kwenye sare ya sendofu, kitenge ni 45,000 na mchango 50,000, anataka jibu mwisho wa mwezi huu. Mimi hao watu simjui hata mmoja zaidi yake yeye, nitakaa na nani? Na ofisini kuna wadada watatu na wakaka wawili kila Jumamosi wanaenda ziwani kula samaki, wananialika, ila kaka mmoja ananing'ang'ania anipitie yeye na pikipiki yake na mimi sitaki mazoea hayo, kwaiyo kila wakinialika nasema nimechoka. Halafu nawaza, hivi nikienda ntafanya nini, kukaa tu kuangalia maji?

Nimeanza kuandika barua ya kuomba uhamisho. Mama yangu anasema ajira zilivyo ngumu hivi nisithubutu kuichezea kwa sababu ya matembezi, nivumilie, ntazoea. Ila naona kama ujana wangu unaishia chumbani. Je Shangazi, kutaka wikendi yenye chakula kizuri, marafiki, sanaa na kupendeza kidogo ni utoto? Na kama siyo utoto, kwa hapa Kigoma vinapatikana wapi, au nikubali tu nirudi Dar?

Ni mimi, binti wa Mwanga.


JIBU LA SHANGAZI

Marahaba mwanangu, na pole sana, hasa kwa hizo Jumapili jioni. Siyo utoto. Mtu aliyefanya kazi siku tano akataka siku mbili za kula vizuri na watu anaowapenda na kuvaa akapendeza, huyo ni mtu mzima anayejua anachohitaji, na mama yako namheshimu ila hapo kwenye neno "matembezi" amelipunguza sana jambo lenyewe. Unacholilia ni kuwa na watu wanaokujua, na hilo halizoeleki, mtu anaweza kukaa mji mmoja miaka kumi akiwa hajalizoea.

Ila nikwambie kitu kimoja ambacho naona hujakiona, na kila ntakachosema huko chini kinatokana na hicho. Dar wikendi unaweza kuinunua. Unashuka kwenye daladala na hela yako mfukoni, unaingia mahali, unakaa, unahudumiwa, unatoka, hakuna aliyekuuliza wewe ni nani. Kigoma hapo mahali pa kununua wikendi ni pachache kweli, sikudanganyi. Kigoma wikendi nzuri unaalikwa. Vyakula vitamu viko uani kwa watu, nguo nzuri ziko kwenye sendofu na harusi, muziki uko kwenye shughuli, na mlango wa kuingilia ni mtu anayesema njoo. Sasa wewe mwanangu una watu wawili tofauti wanakwambia njoo na wote bado wanasubiri jibu, yaani una bahati ambayo wageni wengine wanakaa hapo mwaka mzima hawaipati.

Kwaiyo tuanze na sare maana hiyo ina tarehe. Lipa. Nimeona hela, 95,000 siyo ndogo kwa mtu anayeanza kazi, na kama mchango wote mara moja unakubana mwambie mama mwenye nyumba waziwazi kwamba kitenge unalipa sasa na mchango utaumalizia mshahara ujao, watu wa shughuli wamezoea hivyo na hakuna atakayekushangaa. Lakini kitenge chukua, usiseme ntavaa gauni langu jingine. Ukiwa ndani ya sare hakuna anayeuliza huyu nani, wewe ni wa kwao, utapewa sinia la kubeba, utaambiwa sogea tupige picha, utaitwa "we dada wa Mwanga njoo ushike hapa", na ukitoka pale unajuana na wanawake ishirini ambao wakikuona sokoni watakusimamisha. Umeuliza utakaa na nani, utakaa na waliovaa kama wewe. Tena nenda mapema, siku ile wanapokata vitunguu na kuchambua mchele, usisubiri ukumbini. Urafiki wa shughuli unafungwa jikoni, ukumbini watu wameshakaa na watu wao.

Na hilo suala la kupendeza, jamani binti wa Kariakoo na Karume unakaa Kigoma unalilia nguo! Hapo ulipo ndo mlango wa vitenge, ng'ambo ya ziwa ni Kongo, juu hapo ni Burundi, na vitenge vimekuwa vinavuka huko kuja Kigoma miaka yote, watu wanatoka mikoa mingine kuja kuvifuata. Ingia Soko la Mwanga Jumamosi asubuhi bila haraka, pitia maduka ya vitenge, shika kitambaa kwa mkono, kikunje ngumini ukiachie uone kama kinajirudi, angalia upande wa nyuma kama rangi imeingia sawasawa, uliza bei, ondoka, rudi tena. Halafu tafuta fundi, na fundi usimtafute kwa bango, mtafute kwa nguo, ukiona mtu kanisani amevaa mshono uliokaa vizuri mabegani muulize "dada umeshonewa wapi?", hilo swali peke yake limeshawapa watu mashoga wa maisha. Wewe unachora, kwaiyo mchoree fundi mshono unaoutaka, mikono, shingo, mbele na nyuma, mafundi wanapenda mteja wa hivyo maana wengi wanakuja na picha ya simu imekatika nusu. Ila mpe tarehe ya uongo, shughuli ikiwa Jumamosi mwambie ni Alhamisi.

Sasa chakula, na hapa niache niseme kwa nafasi maana naona umekaa mwaka mzima Kigoma unakula chipsi na roho inaniuma.

Amka Jumamosi moja alfajiri uende Kibirizi kwenye mwalo, nenda na mama mwenye nyumba au jirani yeyote anayejua kununua, mitumbwi inarudi asubuhi kutoka kuvua usiku. Dagaa wa Kigoma wanavuliwa usiku kwa taa, taa zinawavuta waje juu kwenye mwanga halafu wavuvi wanawazungushia nyavu, ndo maana mbalamwezi ikiwa kali uvuvi unapungua, wengi wanapumzika, dagaa wanakuwa adimu na bei inapanda. Kwaiyo watu wa pale wanaangalia mwezi kabla ya kupanga kununua na wewe ujifunze hivyo, wikendi za giza ndo wikendi za dagaa. Kuna na kipindi ziwa linapumzishwa samaki wazaliane, mwaka 2024 lilifungwa kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, kipindi cha namna hiyo unakula akiba, kwaiyo wakiwa wengi nunua, anika vizuri, weka.

Ukifika utaona wakinamama wamewamwaga wamewatandaza, wengine kwenye mchanga, wengine kwenye chanja, wanapita katikati wameinama wanawageuza kwa mikono, na jua likianza kuwapiga eneo zima linang'aa fedha mpaka unafinya macho. Nunua wa chanja hata kama bei imezidi kidogo. Chukua mmoja mtafune palepale, muuzaji hatakasirika, ukisikia mchanga kwenye meno sogea kwa mwingine. Mzuri ni mweupe wa kung'aa, mzima, anavunjika kwa mlio. Aliyepigwa na mvua wakati wa kuanikwa anakuwa mweusi na ana harufu nzito, huyo muache hata ukipunguziwa.

Ukirudi nyumbani waoshe haraka kwa maji ya uvuguvugu, wakaushe kwenye chujio, weka mawese kwenye kikaango yapate moto vizuri, kaanga dagaa mpaka walie, weka kitunguu kingi, nyanya, pilipili mbuzi, mwishoni kamulia ndimu. Mawese kama hujayazoea utaona yana harufu, ni mara ya kwanza na ya pili tu, na usiyanunue madukani kwenye chupa zenye lebo wakati unakaa mkoa wa michikichi, yatafute sokoni kwa mama anayepima, yale mekundu yenyewe. Na ugali uwe wa muhogo. Nisikilize kwenye hili, dagaa wa mawese na ugali wa muhogo vinaelewana kwa namna ambayo sembe haiwezi.

Hiyo ni asubuhi. Jioni ni samaki wa hapo ziwani, mgebuka. Wale wenzako wa ofisini wanaoenda ziwani wanafuata mgebuka fresh, amepasuliwa, ametiwa chumvi na ndimu, anabanikwa kwenye mkaa taratibu mafuta yanadondoka, unamlia mkono, pilipili pembeni, jua linazama upande wa Kongo mbele yako kabisa. Umeuliza utafanya nini, kukaa kuangalia maji? Ndio mwanangu, kwa kuanzia kaa uangalie maji. Hilo Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, duniani linazidiwa kina na moja tu, Baikal la kule Urusi, na maji yake ni meupe mpaka unaona mawe chini. Watu wanasafiri kutoka Ulaya kuja kukaa hapo hapo wanapokaa wenzako wa ofisini.

Ila ukienda kuogelea waulize wenyeji wapi panafaa, usijitupe tu, na miezi ya kiangazi upepo wa kusini ukiamka mawimbi yanakuwa makubwa, siku hiyo usipande boti ya starehe hata wakikucheka. Na boti yoyote utakayopanda, life jaketi mwilini, siyo chini ya kiti.

Kuhusu huyo kaka wa pikipiki. Usiache mtu mmoja akunyime watu wanne. Wahi kwa wale wadada, waambie "Jumamosi hii nakuja, tuchukue bajaji pamoja", ukishasema hivyo mbele ya watu suala la kupitiwa limekwisha. Lipa samaki wako mwenyewe mara zote, beba hela ya nauli ya kurudi, na akirudia tena mwambie kwa heshima na kwa sauti ya kawaida, "kaka asante, mimi nakuja na kina dada". Hana baya akielewa. Asipoelewa wadada wenzako watakuwa wameshaona na watasimama na wewe, na ikifika kukusumbua kazini hilo ni jambo lingine kabisa, niandikie.

Sasa daftari lako. Hii ndo sehemu ya barua yako niliyoirudia kusoma, kwamba hujalifungua tangu uje. Kigoma haina kitu kama Nafasi na sitakutungia, ukitaka kusimama ukumbini mbele ya picha zilizotundikwa utazifuata ukienda Dar likizo. Lakini vitu vya kuchora, jamani! Panda daladala za Ujiji Jumamosi moja, shuka, teremka mpaka ufukweni. Pale kuna mafundi wanaounda mitumbwi na boti za mbao kwa mikono, ukifika utakuta boti ina mbavu tu imesimama mchangani, fundi mmoja anachonga ubao kwa tezo, mwingine amekaa chini ya tumbo la boti anakalafati, anasokomeza pamba kwenye nyufa kidogo kidogo kwa nyundo, tok tok tok, siku nzima. Salimia kwanza, wazee wape shikamoo zao, omba ruhusa ya kukaa, kaa kivulini uchore. Picha za simu usipige bila kuomba. Watoto watakuzunguka baada ya dakika tano, wape karatasi na penseli na wao wachore, na usishangae Jumamosi inayofuata wakakukimbilia wakikuuliza karatasi ziko wapi. Mimi naona kabisa darasa dogo la kuchora hapo, ukiongea na mwalimu mmoja wa shule ya msingi ya karibu upewe chumba Jumamosi asubuhi, na ukifika huko tayari una watu wanaokujua kama mtu anayechora, kile kile ulichosema umekiacha Dar.

Ukimaliza ufukweni panda ile njia mpaka kwenye makumbusho ya Livingstone. Najua shuleni tulikaririshwa Stanley akamkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871, basi tukaona ni habari ya wazungu wawili, lakini jiulize Stanley alifikaje pale. Alifuata njia ya misafara ambayo watu wetu walikuwa wanaikanyaga siku zote kutoka pwani, Bagamoyo, Tabora, mpaka Ujiji, njia iliyobeba pembe na iliyobeba watumwa pia, machungu yapo. Njia hiyo hiyo ndo ilileta Kiswahili, kanzu, kofia, pilau, maulidi na hizo baraza unazoziona wazee wamekaa jioni. Kwaiyo ukiwa Ujiji ukaona mwanamke amejitanda vizuri anatembea taratibu na udi unanukia nyuma yake, pale kupendeza kuna mizizi mirefu. Na wewe vaa gauni refu na mtandio siku ya kwenda huko, ni mji wenye Waislamu wengi, utakaa kwa raha na watu watakupokea kwa raha.

Jumapili ukitoka kanisani shuka mjini mpaka stesheni. Lile jengo ni la enzi za Mjerumani, reli ya kati ilifika pale 1914, chora yale matao na vivuli vyake saa kumi jioni. Ukiwapata wazee pale karibu waulize habari za Liemba, meli iliyoundwa Ujerumani 1913 ikaletwa vipande vipande ikaungwa hapo Kigoma, Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916 kwenye vita, Waingereza wakaiibua 1924 ikarudi kazini. Mzee akishaanza hiyo habari tulia, utapata na kahawa.

Gombe je, umefika? Mtu wa Dar anayekaa Kigoma mwaka mzima hajafika Gombe! Ndo huko mtafiti Jane Goodall, aliyefariki Oktoba 2025, alianza kuwafuatilia sokwe Julai 1960, na hifadhi yenyewe ilitangazwa 1968. Mtanzania kiingilio chake ni cha chini kuliko cha mgeni, kinachokula hela ni boti, kwaiyo hiyo ni safari ya kuchangishana, mjichange na hao wa ofisini, mkiwa wengi boti inagawanyika. Na hapo ndo nakuja kwa rafiki zako wa Dar.

Hao mwanangu sidhani kama wanakuchukia. Grupu la watu watano ambalo wanne wako mji mmoja lazima litaongelea mji huo, na utani wa mwisho wa reli wanautoa kwa sababu hawajui maisha yako ya sasa, hujawaonyesha kitu. Ondoka kwenye kuwajibu grupuni kwa emoji. Chagua mmoja, yule unayemuamini zaidi, mpigie simu ya sauti umwambie ile kauli iliniumiza. Mmoja tu, usiwaitishe kikao. Halafu waalike. Panga wikendi moja ndefu ya sikukuu, waambie miezi mitatu kabla wadunduize nauli, walale kwako kwenye magodoro chini, uwapeleke Kibirizi alfajiri, uwapeleke kununua vitenge, uwapikie, mwende Gombe. Asiyekuja umemjua, na atakayekuja utakuwa umempata upya.

Kabla ya hao lakini, alika wa hapa. Hili lifanye mwezi huu huu. Muombe mama mwenye nyumba ruhusa ya uani Jumamosi jioni, tandika mkeka, alika wale wadada watatu wa ofisini na binti yoyote wa kanisani mnayesalimiana naye, pika wewe mwenyewe kile kile mlichokuwa mnapika Dar, ukipika biriani basi biriani, waambie kila mmoja alete kitu kimoja, soda, matunda, chochote. Hela yako itakayotoka itakuwa ndogo kuliko nauli ya kwenda popote. Mama mwenye nyumba mpelekee sahani yake ya kwanza kabla hujamhudumia mtu. Usisubiri wakualike wao nyumbani kwanza, wewe mgeni wanakuonea aibu, wanakuona mtu wa Dar una mambo yako, na kila ukisema umechoka wanazidi kuamini hivyo.

Hela ipange. Kwenye mshahara toa fungu la wikendi siku ile ile unapoingia, weka kwenye simu pembeni, na sare za shughuli zitoe humo humo, maana ukishajulikana Ujiji utaletewa vitenge vya sare mpaka uvikimbie. Si kila sare uchukue. Ya mama mwenye nyumba, ya mtu wa ofisini kwako, ya mtu mliyeshibana, hizo chukua, nyingine toa mchango mdogo na hongera.

Barua ya uhamisho usiichane, iweke. Ila usiiandike Jumapili jioni, kila kitu kinaonekana kibaya saa hiyo. Nenda kwanza kwenye sendofu, nenda ziwani, pika hiyo Jumamosi uani, na kazi usiiache kabisa kabla ya barua kujibiwa, hapo mama yako yuko sahihi. Ikifika Desemba ukaenda likizo Dar, ukarudi, na bado unaona mwili uko Kigoma roho iko Sinza, basi utakuwa umejipa nafasi ya kweli, kaa Jumatano moja mchana akili imetulia, imalizie hiyo barua, na ukitaka niisome kabla hujaipeleka nitumie.